Ukurasa wa 41: kitenzi kimoja cha Kiingereza kilivyonigharimu

Mwanzoni mwa 2023 nilipewa kazi ya kutafsiri mwongozo wa midahalo kwa ajili ya shule za sekondari. Ulikuwa na kurasa 96, umeandikwa kwa Kiingereza na mwalimu mstaafu wa Uingereza, na shirika lililonipa kazi lilitaka nakala za Kiswahili zifike kwenye vilabu vya midahalo vya Tanga na Morogoro kabla ya likizo ya Juni. Malipo yalikuwa shilingi 2,400,000 na muda wiki 5. Nilikuwa na miaka 9 kwenye ufasiri, mingi nikiwa kwenye ripoti za afya na mikataba ya ardhi, kazi ambazo kosa la neno moja linaweza kumpeleka mtu mahakamani. Kitabu cha vijana wa shule nilikiona chepesi, na hapo ndipo nilipoanza kukosea.

Kwenye ukurasa wa 41 kulikuwa na kitenzi ambacho sikuwahi kukutana nacho: out-statistic. Sentensi ilimtahadharisha mwanafunzi asijaribu kumfanyia mpinzani wake kitendo hicho. Nilifungua kamusi 3 nilizonazo nyumbani, hakimo. Sikushtuka, kwa sababu najua Waingereza wana tabia hiyo. Wanachukua kipande cha out, wanakibandika mbele ya neno lolote, na neno hilo linageuka kitendo cha kumpita mwenzako katika jambo hilo. Outrun, kumshinda mtu mbio. Outlive, kuishi ukamzika. Outbid, kumzidi dau kwenye mnada. Shakespeare alikibandika hata kwenye jina la mtu. Katika Hamlet, tendo la 3, onyesho la 2, yule mwana wa mfalme anawakanya waigizaji wanaopiga makelele jukwaani, anasema mwigizaji wa namna hiyo "out-herods Herod", yaani anampita Herode mwenyewe kwa uherode. Herode wa michezo ya kale ya kanisani alikuwa mfalme wa kufoka na kurusha mikono, na waliokuwa wakisikiliza walimjua.

Basi nikajiambia kwamba nimeelewa. Nikaandika: "Usijaribu kumshinda mpinzani wako kwa takwimu." Haikunichukua hata dakika moja, nikafungua ukurasa wa 42.

Ningeomba kila anayeanza kazi hii asome aya iliyopita mara ya pili. Neno halimo katika kamusi 3, nami nalitafsiri ndani ya dakika moja bila kuweka alama pembeni, bila kumwandikia mwandishi, ambaye anwani yake ya barua pepe nilikuwa nimepewa tangu siku ya kwanza. Siku hizi nina daftari la mashaka. Neno lolote nililolikisia, hata kama nina uhakika na kisio langu, linaingia humo pamoja na namba ya ukurasa, na kazi haitoki mkononi mwangu kabla kila mstari haujajibiwa na mtu mwingine.

Shirika lilichukua hadhari yake. Lilimlipa mfasiri wa pili airudishe tafsiri yangu kwenye Kiingereza bila kuuona mwongozo wa awali, ili walinganishe. Sentensi yangu ilirudi vizuri kabisa. Aliandika kwamba mwanafunzi asijaribu kumshinda mpinzani wake kwa takwimu, aliyekuwa akilinganisha akatia alama ya vema, na kitabu kikaenda kiwandani. Zikachapwa nakala 800.

Agosti mwaka huohuo nilialikwa kwenye shule moja ya mkoa wa Tanga kuuona mdahalo wa kwanza uliotumia kitabu chetu. Nilikwenda kwa furaha. Sisi wafasiri ni nadra kumwona msomaji akitumia tulichoandika, na njiani nilikuwa nikiwaza picha nitakazopiga. Mada iliandikwa ubaoni kwa chaki ya bluu: fedha za barabara zipelekwe kwanza mijini. Pande 2, wasemaji 4 kila upande, na ukumbi umejaa hadi madirishani.

Msemaji wa kwanza, kijana mrefu mwenye sauti nzuri, akasema watu wengi mno wamehamia Dar es Salaam. Wa upande wa pili akasimama akasema si wengi kihivyo. Akaja wa tatu, akasema ni wengi, kila mtu anajua. Wa nne akasema vijijini ndiko waliko wengi zaidi. Dakika 40 zikaisha hivyo, wengi, si wengi, wengi zaidi. Waamuzi wakatoa ushindi kwa waliopigiwa makofi. Vijana walikuwa wamejiandaa, hilo lilionekana, walijua kusimama, walijua kumtazama mtu usoni, walijua kufunga hoja. Ila hakuna aliyetamka tarakimu hata moja.

Baadaye, tukinywa chai ofisini, nikamuuliza mlezi wa klabu, "Mwalimu, mbona vijana hawana hata namba moja?"

Alinitazama kwa mshangao. "Si nyinyi mmekataza?" Akafungua kitabu, ukurasa wa 41, akaweka kidole. Kisha akavuta droo akatoa daftari la mkono lenye jalada la gazeti. Lilikuwa la binti mmoja wa Kidato cha Nne, msemaji wa tatu wa upande wa kupinga. Alikuwa amenakili matokeo ya sensa ya 2022 kwa mwandiko safi, na mwalimu alimnyang'anya asubuhi ile kwa kuwa kitabu kinasema takwimu zisitumike.

Nililifungua lile daftari na nikakosa la kusema. Alikuwa ameandika wakazi wa Dar es Salaam mwaka 2012, watu 4,364,541, na mwaka 2022, watu 5,383,728. Chini yake ameweka Tanzania nzima, 44,928,923 na 61,741,120. Halafu amepiga hesabu mwenyewe, kwa kalamu ya risasi, na pambizoni amezungushia duara matokeo 2. Mwaka 2012 karibu watu 10 katika kila 100 walikuwa wakiishi Dar es Salaam. Mwaka 2022 hawakufika hata 9.

Fikiria binti huyo angeruhusiwa kusimama nalo. Wenzake wa upande wa pili wangeweza kusema Dar es Salaam imeongeza watu zaidi ya milioni moja katika miaka 10, na wangesema kweli. Yeye angesema nchi nzima imekua kwa kasi ya asilimia 3.2 kwa mwaka na jiji kwa takriban asilimia 2.1, kwa hiyo sehemu kubwa ya ongezeko imetokea nje ya jiji, na angesema kweli vilevile. Hapo mdahalo ungeanza. Ukumbi ungelazimika kujiuliza barabara inajengwa kwa kutazama watu wangapi wameongezeka au kwa kutazama wapi wanaongezeka upesi. Badala yake tulisikia "wengi" na "si wengi", na sentensi iliyomfunga mdomo binti yule niliiandika mimi.

Nilirudi Morogoro kwa basi la jioni. Sikulala usiku ule wala uliofuata.

Kosa la pili nililifanya wiki iliyofuata, na nalieleza kwa sababu naamini wengi wetu tungelifanya. Badala ya kuungama mara moja, nilijiandaa kujitetea. Mhariri wa shirika aliniita, nami nikaenda na karatasi ya hesabu. Nilikuwa nimehesabu kitabu kizima. Kitenzi "kushinda" kimetokea mara 63, mara 62 hakina tatizo lolote, tafsiri ya kurudisha ilikubaliana na ya awali, malalamiko yametoka shule moja kati ya zote zilizopokea kitabu. Niliyasoma yote hayo mbele yake, moja baada ya jingine, nikiona jinsi anavyoshindwa kuingiza neno.

Alinisubiri nimalize. Kisha akasema, "Kaka, naomba nikuulize moja tu. Ukimwambia mtoto, usimshinde mwenzako kwa rushwa, unamwambia atumie rushwa kidogo?"

Nikajibu hapana, namwambia aiache kabisa.

"Basi na takwimu umemwambia vivyo hivyo."

Karatasi yangu ilikuwa bado mkononi. Hapo nikakielewa kile kitenzi, kwa kuwa nilikuwa nimetoka kukitenda. Nilimrundikia dada wa watu namba ambazo hakuwa na nafasi ya kuzihakiki, ili anyamaze, na hakuna hata moja iliyogusa jambo tulilokutania. Mwandishi alikuwa akikataza hilo. Hakukataza namba.

Baadaye tulikaa mezani, tukaichambua sentensi kama watu wa lugha. Tatizo lote lilikuwa kwenye "kwa". Tunasema kumshinda mtu mbio, kumzidi akili, kumzidi dau, na hapo mbio, akili na dau ndio uwanja wa mashindano yenyewe. Ukitia "kwa", kile kinachofuata kinakuwa chombo, kama vile kumshinda kwa kura, kumshinda kwa rushwa, kumpiga kwa fimbo. Ukikanusha, msomaji anakitupa chombo. Kiingereza cha mwalimu yule kilikuwa kinazungumzia uwanja, yaani yale mashindano ya nani ana takwimu nyingi kuliko mwenzake, na mimi nikageuza takwimu kuwa fimbo kisha nikaiharamisha. Tungeweza kusema "kumzidi takwimu" bila "kwa", kama kumzidi akili? Tulijaribu, tukaisoma kwa sauti, masikio yetu yote mawili yakaikataa. Lugha haijaizoea.

Tafsiri ya kurudisha haikuligundua kosa, na sababu yake niliielewa siku ile. Aliyeirudisha anakijua Kiingereza. Aliposoma Kiswahili changu alikisikia Kiingereza chini yake na akakirudisha palepale. Msomaji wa kweli, yule mwalimu wa Tanga, hakuwa na Kiingereza cha kumsaidia kukisia nilitaka kusema nini. Alikuwa na Kiswahili changu peke yake, na alikitii. Njia hiyo ya ukaguzi inafaa kwa dozi za dawa na tarehe za mikataba. Kwa maelekezo ya kutenda, usiitegemee peke yake.

Nikamwandikia mwandishi, miezi 6 baada ya wakati niliopaswa kumwandikia. Alijibu kesho yake kwa upole mwingi. Akaeleza kuwa alikiunda kitenzi kile kwa ajili ya jambo aliloliona miaka yote ya kufundisha: mwanafunzi anatoa takwimu 3, mwenzake anajibu na 6, wa tatu anakuja na 10, kama watu wanaopandishiana bei mnadani, na mwamuzi hawezi kuhakiki hata moja. Alitaka kuwafundisha vijana watoe namba chache wanazoweza kuzitetea zikiulizwa. Barua nzima ilikuwa na mistari 12. Ingeniokoa mwezi Februari.

Kilichobaki kilikuwa kupata neno. Nilishinda siku kadhaa nikiandika na kufuta. Nililipenda sana "kumfunika", kwa sababu mtaani mtu akiwapita wenzake tunasema amefunika, na papo hapo kuna picha ya kumtupia mtu blanketi asionekane. "Usijaribu kumfunika mpinzani wako kwa takwimu." Nilijivunia. Safari hii, lakini, sikumwamini mtu yeyote wa lugha, nikiwemo mimi. Niliomba ruhusa shuleni jirani na nyumbani, nikapewa wanafunzi 6 wa Kidato cha Pili. Sikuwauliza sentensi ina maana gani, kwa sababu mtoto akiulizwa maana hukisia unachotaka kusikia. Niliwapa waisome, kisha kila mmoja aandae hotuba ya dakika 3 kwa kuifuata. Watatu wakaja bila namba hata moja. "Kwa" yangu ilikuwa bado ipo palepale, na "kumfunika" haikuweza kuifunika.

Neno lilitoka barazani. Nilikuwa nimekwenda Tanga tena kuchukua orodha ya nakala zilizogawiwa, jioni nikaketi kwenye kahawa karibu na soko. Watu 2 walikuwa wakibishana mpira, Simba na Yanga kama kawaida, mmoja anataja magoli, mwingine anataja vikombe, wa kwanza anaruka hadi miaka ya baba zao, sauti zinapanda. Mzee mmoja aliyekuwa akitafuna kashata akatuambia sisi wengine, "Waacheni watambiane mahesabu yao. Wakichoka watatuambia juzi nani kacheza mpira."

Nikaweka kikombe chini. Kutambiana. Kila mtu anatamba mbele ya mwenzake, na mwenzake anamtambia. Mashindano yamo ndani ya kitenzi chenyewe, katika ile -ana ya mwisho, na takwimu zinaweza kukaa nyuma yake bila "kwa". Kutambiana takwimu. Nilimwambia mzee kuwa amenisaidia kazi yangu, nikamweleza kidogo. Akacheka, akasema kwao takwimu ilikuwa kalenda, ile ya kujulia mwezi na kusi na kaskazi, na hakuna mtu aliyewahi kumtambia mwenzake kalenda. Ni kweli asili ya neno iko huko, taqwim ya Kiarabu ni kalenda. Nililipia kahawa zao wote.

Wanafunzi 6 wengine wakasoma: "Usitambiane takwimu na mpinzani wako. Takwimu 1 au 2 unazoweza kuzieleza zinatosha." Sentensi ya pili haikuwemo kwenye mwongozo wa awali. Niliiongeza baada ya mwandishi kukubali kwa maandishi, na nimehifadhi barua yake. Wote 6 walikuja na namba. Mmoja alikuja na 7, sikumlaumu, alikuwa amezipenda. Kisha nikawapa kazi ya kuulizana: hiyo ni asilimia ya nini, ya mwaka gani, nani amehesabu, ukilinganisha na wapi. Maswali hayo manne tukayaingiza kwenye karatasi ya masahihisho, maana tuliona mtoto akishajua ataulizwa anapunguza namba mwenyewe, huna haja ya kumkataza.

Gharama sasa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuniambia na ningependa ningeambiwa. Kuchapa karatasi 800 za kubandika, nauli ya watu 2 kuzizungusha shuleni na posho zao. Mkataba wangu ulikuwa na mstari unaosema mfasiri atawajibika kwa masahihisho, basi, bila kikomo cha muda wala cha fedha. Niliutia saini kwa sababu nilikuwa na haraka ya malipo ya awali. Walikuwa na haki ya kunidai zote. Tukakubaliana nilipe 640,000, zaidi ya robo ya ujira wangu, kwa awamu 4. Ukipewa mkataba wenye mstari kama huo, omba uandikwe muda, miezi 3 au 6 baada ya kukabidhi, na omba kiwango cha juu. Omba pia, na hili ni muhimu zaidi, siku za kujaribu maandishi kwa wasomaji ziingizwe kwenye bajeti kama kazi ya kulipwa. Wanafunzi wangu 12 niliwanunulia soda na maandazi kwa 18,000. Linganisha na 640,000.

Mhariri bado ananipa kazi. Nilidhani tumekosana, kumbe alikuwa akisubiri nifike na kitu kingine zaidi ya utetezi. Siku niliyokwenda na barua ya mwandishi na hotuba za wale wanafunzi wa kwanza, tulimaliza kwa nusu saa.

Nilibandika mwenyewe karatasi za shule ile ya Tanga, nakala 25, nikisaidiwa na mlezi wa klabu. Gundi ilitutosha kwa shida. Tulipomaliza akafungua droo, akanionyesha kwamba daftari la jalada la gazeti halimo tena, amemrudishia mwenyewe. Nikauliza kama mdahalo utarudiwa. Akasema ilikuwa tayari mwisho wa Oktoba, Kidato cha Nne wameshasimamisha vilabu vyote, wanajiandaa kwa mtihani wa taifa wa Novemba, na baada ya hapo kila mmoja anakwenda kwao.